Dada Mkubwa na Deni la Tanuri

"Anawachekesha!" Wifi yangu alipiga meza ya Metroni kwa kiganja. "Nakwambia anawachekesha watu wangu tangu asubuhi mpaka jioni!"

Metroni akavua miwani. "Yaani umepanda ngazi zote hizo kuja kunishtakia kicheko?"

"Si kicheko, Metroni. Ni utovu wa nidhamu uliotoa meno nje."

Mimi nilikuwa mlangoni, nimebeba mapazia ya wodi mpaka kidevuni. Nikauma shavu kwa ndani nisije nikawa mshtakiwa wa pili.

"Kazi imeharibika?" Metroni akauliza.

"Itaharibika."

"Nimeuliza kama imeharibika. Ya 'itaharibika' kamuulize mpiga ramli."

"Mimi ndiye mkubwa wa chumba kile," wifi akasema, na sauti yake ikapanda kama maziwa jikoni. "Yule mwanamke aondolewe. Arudishwe kwenye mapipa ya taka alikotoka."

Metroni akavaa miwani yake, dalili kwamba kesi imekwisha. "Mwisho wa mwezi nitashuka huko chini mwenyewe. Nikikuta kazi imeharibika kwa ajili yake, anarudi kwenye mapipa siku hiyo hiyo. Nikikuta imenyooka, habari hii nisiisikie tena. Na wewe wa mapazia, mbona macho yanakutoka? Weka pale."

Nikaweka pale.

Mshtaki ni dada wa mume wangu. Hospitalini anaitwa Dada Mkubwa, kwa sababu ndiye mkubwa wa chumba cha dobi, kule nyuma, chini ya wodi ya wazazi, tunakofua kila kitu ambacho mgonjwa amelalia, amejifunika au amekitapikia. Mimi nafanya kazi chini yake. Nyumbani wifi, kazini bosi. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua mbele na nyuma kama pasi inavyoijua foronya. Wala msinione nina mdomo. Mawifi kusemana ni haki yao, na haya ninayoyaandika ameshayasikia usoni pake, mengine zaidi ya mara moja.

Alizaliwa wa kwanza katika nyumba yenye mama mgonjwa na wadogo wengi. Akafua, akapika, akabeba. Mume wangu ndiye kitindamimba wao; amekulia mgongoni mwa dada yake mpaka miguu ikawa inaburura chini, ndipo akashushwa. Siku ya harusi yetu watu walisema, "Tazama dada anavyolia kwa furaha." Furaha gani ile ya kushika mkono wa shati la bwana harusi mpaka kifungo kinakatika? Baada ya hapo kwa muda mrefu salamu yake kwangu ilikuwa ya nusu. Anasema "Hujambo," kabla sijajibu ameshamgeukia kaka yake: "Umekula?" Kana kwamba nimemfuga, simlishi.

Yeye mwenyewe aliolewa na mwashi. Mwanamume akaenda mbali kujenga nyumba za watu, akajengewa yake huko huko, na mke wa kuifagia akapewa. Binti yao akakua, akaolewa, na sasa kila akija kumtembelea mama yake ni "mama mkwe kasema hivi, mama mkwe kapika vile." Wifi husikiliza huku amekaza midomo kama mtu aliyeshika pini za nguo mdomoni. Ndivyo maisha yake yalivyo: kila alichokifua kikanyooka, alikivaa mwingine. Kumwambia mtu wa hivyo asione wivu ni kumwambia aliyeungua asiogope jiko.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake peke yake, chumba cha dobi.

Kabla yake mkubwa wetu alikuwa bwana mmoja mwenye filimbi. Alivaa filimbi shingoni kama refa na aliipiga ukienda chooni, akaipiga ukirudi. Sisi tulimwita Filimbi, naye alidhani ni heshima. Enzi zake hakuna aliyeongea, hakuna aliyemwazima mwenzake sabuni, na mashuka yetu yalipanda wodini yamekunjwa kama yaliyotafunwa na mbuzi. Mwili ulikuwa unakuja kazini, mtu mwenyewe kabaki nyumbani. Filimbi alipoondoka, kazi ikapewa wifi.

Asubuhi ya kwanza aliingia na kijiko kikubwa cha chuma. Tuna pasi moja kubwa sana, magogo mawili ya chuma yanayozunguka, shuka linaingia huku limekunjamana linatokea kule limenyooka, na anayeilisha mashuka anaiva kabla ya shuka. Hiyo tunaiita Tanuri. Wifi akaigonga Tanuri kwa kijiko, kong, kong, kong, akauliza, "Haya! Nani kaamka, nani kaamshwa?"

Tukatazamana.

"Naeleza mara moja tu," akasema. "Aliyeamka ni aliyeamka mwenyewe, moyo mweupe. Aliyeamshwa ni aliyeamshwa na shida: mtoto kaumwa, mume kanuna, jino, mwenye nyumba. Mkiamshwa semeni. Sitauliza mmeamshwa na nini."

Na kweli hakuuliza. Kila siku, kong kong kong, mmoja mmoja tunajibu. Aliyesema "Nimeamshwa" alipewa foronya za kuhesabu amekaa, dirishani, mpaka moyo upoe. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mimi mwenyewe nimehesabu foronya nyingi kuliko wagonjwa wote wa hospitali ile, maana huyo kaka yake kununa anajua. Basi chumba kikageuka. Mkubwa akipiga chafya, wadogo wanapangusa pua; na mkubwa akicheka, hata mashine zinaonekana zimeoga.

Akaweka na sheria ya pili. Shuka hukunjwa na wawili. Mnashika pembe, mnalivuta likanyooka, mnaendeana mpaka mikono ikutane, mmoja anapokea pembe zote, mwingine anainama kushika mkunjo. Ukiangusha pembe, shuka limegusa sakafu, linarudi kufuliwa, na wewe unadaiwa na mwenzako zamu moja ya Tanuri: unasimama kwenye moto badala yake, yeye anakaa. "Deni la Tanuri halilali wiki," alisema. Na yeye alipoangusha alilipa, tena akiimba. Ndiyo maana tulimpenda, na yeye alijua tunampenda, akashiba.

Hapo ndipo akaletwa Chiriku.

Chiriku alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mapipa ya taka za wodi, peke yake, nyuma ya uzio. Siku ya kwanza aliongea tangu anaingia mpaka anatoka. Bibi Vifungo, mzee wetu wa kushona pembeni ya dirisha, alimwuliza, "Mwanangu, huko nyuma ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mapipa, bibi. Lile jekundu lilikuwa na adabu, lile jeusi lilikuwa linanikatiza."

Bibi Vifungo alicheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano. Boila, kaka anayechochea moto wa maji na kupakia mashine, alikaa chini. Wifi naye alicheka siku hiyo, msije mkasema namsingizia. Alicheka kwa ukarimu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye kiti ambacho hakudhani atakikalia.

Kisha asubuhi moja wifi akachelewa. Mvua ilikuwa kubwa. Tulikuwa tumesimama tu, kila mtu anamtazama mwenzake, hakuna aliyejua siku inaanzaje bila kijiko. Chiriku akachukua kiango cha nguo, akagonga Tanuri, kong kong kong. "Haya! Nani kaamka, nani kaamshwa, na nani bado yuko kitandani, kauachia mwili uje peke yake?"

"Mimi!" Boila akapiga kelele. "Mwili huu hapa, mwenyewe kalala!"

"Basi mwili upakie mashine, mwenyewe akiamka tutampa salamu zake!"

Kicheko kile ningekielezaje? Bibi Vifungo alikuwa anapiga meza. Mimi machozi yananitoka. Ndipo nikageuka. Wifi alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika, kijiko mkononi. Alikuwa amesimama pale muda gani sijui. Kabla yangu hakuna aliyekuwa amegeuka.

Alikitia kijiko mfukoni, akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Tangu siku hiyo hakukigonga tena.

Kijicho kikishaingia hakiombi kiti. Chiriku akiimba, wifi anafungua bomba maji yapige kelele. Chiriku akimsaidia Bibi Vifungo kutunga uzi, wifi anamtuma bibi kitu. Mchana tulipokula, wifi alihesabu kwa macho nani kakaa karibu na nani. Nyumbani akanijia, akakaa kwenye kiti cha kaka yake. "Hivi yule ana nini, wifi? Uzuri hana. Kazi namshinda. Ana nini?"

"Ana mdomo."

"Hata kasuku ana mdomo."

"Ndiyo, na watu wananunua kasuku."

Akaniangalia kama anayenipima sanda.

Siku Bibi Vifungo alipougua, wifi akabaki hana wa kukunja naye ila Chiriku. Wakashika pembe. Wakalivuta. Wakaanza kuendeana, polepole, uso kwa uso, na Chiriku, ambaye Mungu hakumpa breki, akasema, "Dada Mkubwa, tukikutana hapa katikati na uso huo, watu watadhani nimekuja kuposa nimekataliwa."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Wifi akafungua vidole. Sisemi limemponyoka, nimeona kwa macho yangu, alifungua vidole, kimoja kimoja. Shuka likaenda chini, kwenye maji.

"Deni!" Boila akapiga kelele kwa mazoea.

"Deni gani?"

Boila akarudi nyuma hatua moja. "La... la Tanuri, Dada Mkubwa."

"Sheria ile nani aliitunga?"

"Wewe."

"Basi aliyeitunga ameifuta. Na kuanzia sasa, humu ndani mdomo ni wa kulia chakula. Mtu akiwa na la kusema akaliseme nje ya geti, baada ya kazi. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Siku iliyofuata ndipo alipopanda ngazi kwa Metroni, na mengine mmeshayajua.

Mwezi ule, jamani. Chumba kilikuwa kimya mpaka ukawa unasikia sabuni inavyoyeyuka. Na mimi nilidhani ukimya utakuwa ukimya tu, kumbe una matendo. Zamani mwenye Tanuri alikuwa anapaza sauti "Moto!" kabla hajageuza magogo, sasa anageuza tu, na Boila akaungua kiwiko. Zamani ukiona maji sakafuni unasema, sasa unayaruka. Hakuna aliyesema ameamshwa, kwa hiyo wote tulikuwa tumeamshwa. Mashuka yakaanza tena ule mtindo wa mbuzi. Na wivu unaambukiza: mimi nikaanza kumwonea kinyongo Bibi Vifungo kwa kukaa dirishani, Boila akaanza kuninung'unikia kwa kwenda kwenye kamba kupunga hewa. Kila mtu akawa anapima mzigo wa mwenzake kwa jicho.

Chiriku alinyamaza kama wengine. Ila ukimya wake ulikuwa unachekesha. Akikunja na Bibi Vifungo, atainua nyusi moja tu, mabega ya bibi yanaanza kutikisika. Wifi aliyaona yale mabega. Nadhani alikuwa anayaota.

Jioni moja nilimfuata kwake. Alikuwa anafua nguo zake mwenyewe, kana kwamba mchana hazikumtosha.

"Wifi," nikasema, "nimekuletea kitu."

"Kitu gani?"

"Filimbi. Imebaki hiyo tu, mengine yote umeshakamilisha."

Mikono yake ikasimama ndani ya povu. Nilidhani atanimwagia beseni. Akasema taratibu, "Toka kwangu, mke wa kaka yangu." Hilo la "mke wa kaka yangu" hulitumia akiwa ameumia. Nikatoka. Nilipofika njiani nikajiona nimezidisha, lakini sikurudi. Kurudi kungeharibu dawa.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika, na sote tulijua Metroni anashuka. Wifi aliingia amekaza kilemba, macho mekundu. Zamu ya mashine wiki ile ilikuwa ya Chiriku. Alikuwa ameshapakia magauni ya kijani, yale ya chumba cha upasuaji, ambayo ni mapya, na ambayo chumba cha upasuaji wanayalinda kuliko wagonjwa. Wifi akamsukuma pembeni. "Kakunje. Leo mashine naishika mimi." Hakutaka Metroni amkute mwenzake mahali penye kazi ya maana.

Mimi nilikuwa nje kwenye kamba. Haya alinisimulia Boila, na Bibi Vifungo akayathibitisha. Chiriku akaenda kukunja na bibi. Nyusi ikainuka, mabega yakaanza. Wifi akayaona kwa pembe ya jicho, na huku anayatazama mabega, mkono wake ukanyanyua galoni ukaanza kumimina kwenye mashine. Si sabuni. Ni ile dawa ya kung'arishia mashuka meupe, yenye harufu ya kukata pua. Kila mtu aliisikia harufu. Boila aliona. Bibi aliona, mabega yakakoma pale pale. Hakuna aliyefungua mdomo.

Chiriku akanyoosha mkono juu, kama mtoto darasani.

"Shusha mkono," wifi akasema.

Akaunyoosha zaidi.

"Nimesema shusha!"

Chiriku akashusha. Wifi akafunga mlango wa mashine, akabonyeza.

Mimi niliingia wakati yanatolewa. Kijani kile kilikuwa kimekimbia. Huku njano, huku weupe, huku kidoa cha kijani kimebaki kama kisiwa. Kama kinyonga aliyechoka katikati ya kazi. Wifi alishika gauni moja kwa mikono miwili, akaliinua kwenye mwanga. Akanusa. Akatazama galoni.

"Mliona?" akauliza. "Nauliza mliona?"

Bibi Vifungo ndiye aliyejibu, hajainua macho kutoka kwenye ushonaji wake. "Tuliona, mwanangu."

"Mbona hamkusema?"

"Geti bado hatujatoka."

Ngazi zikalia. Metroni huyo, na miwani yake, na muuguzi wa chumba cha upasuaji nyuma yake amekuja kuchukua magauni. Hata wakati wa kuficha hatukupata.

Muuguzi alipoyaona alishika kifua. "Haya ndiyo ya kesho? Mgonjwa akimwona daktari amevaa hivi, ataamka hata kabla sindano haijaisha!"

Siku nyingine tungekufa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka.

Metroni akaligeuza gauni upande huu na upande huu. "Haya," akasema. "Nilisema nitakuja, nimekuja, na kazi nimeikuta imeharibika. Zamu ya mashine ni ya nani?"

"Yangu," akasema Chiriku.

Ilikuwa kweli. Mtu yule, ambaye akiulizwa saa anakupa na historia ya saa, alisema neno moja akanyamaza. Metroni akamgeukia wifi. "Ndiye uliyenishtakia?"

"Ndiye."

"Basi?"

Mwenzangu, lile alilokuwa analitaka mwezi mzima lilikuwa limewekwa mbele yake kwenye sinia, halihitaji hata kutafunwa. Atikise kichwa tu, Chiriku anarudi kuongea na mapipa. Na sisi je? Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, bora nisemwe mke mbaya kuliko kuona lile, lakini wifi alinipa jicho, nikaufunga. Alitutazama mmoja mmoja. Boila na kiwiko chake. Bibi na sindano yake. Halafu akamtazama Chiriku muda mrefu, na sikuona upendo machoni pake, msije mkadanganywa. Niliona kijicho kile kile, ila kimechoka, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni ndipo anakumbuka kwamba si wake.

"Zamu ni yake," akasema. "Mkono ni wangu. Nilimwondoa, nikamimina mimi. Alinyoosha mkono kunizuia, nikamwambia ashushe. Hawa wengine waliona, nilikuwa nimewafunga midomo. Kwa hiyo kama ni kuharibika, Metroni, kilianza kuharibika kichwa."

Muuguzi akayatazama magauni. Metroni akamtazama wifi.

"Nilishuka nichukue mtu mmoja nimpeleke kwenye mapipa," akasema. "Nimchukue nani?"

"Kama ni lazima, nichukue mimi."

"Mapipa hayahitaji mkubwa, yananyamaza yenyewe." Akamtupia gauni. "Haya mtayatia rangi nyeusi, yatavaliwa na wafagiaji. Chumba cha upasuaji watavaa ya zamani, wakilalamika nitawaleta kwako wakulalamikie usoni. Ukubwa jalala, mama. Kila takataka ya humu itatupwa kwako, na yako wewe huna pa kuitupa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kama hukuelewa, filimbi ya yule bwana ipo kwenye droo yangu."

Naapa sikuwa nimeongea na Metroni. Wifi alinitazama kama niliongea naye.

Siku ile iliisha kimya kimya, lakini kimya chake kilikuwa kingine; watu walianza kupeana njia. Boila alisema "Moto!" na hakuna aliyemkemea.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tumesimama kila mtu mahali pake, tunafunga aproni, tukasikia: kong. Kukawa na kituo. Kong, kong.

Wifi alikuwa mbele ya Tanuri na kijiko chake. Hakutuangalia. "Nani kaamka," akasema, "nani kaamshwa?"

"Nimeamka," nikasema mimi, upesi, ili lisikae hewani.

"Nimeamka," akasema Boila.

"Nimeamka," akasema Chiriku. Akaishia hapo. Nilimwona anavyoumia kuishia hapo.

Bibi Vifungo akamaliza kutunga uzi wake kwanza. "Mimi nimeamka. Na wewe je?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza. Mkubwa ndiye anayeuliza. Nani anamwuliza mkubwa? Wifi akashika kijiko kwa mikono miwili.

"Nimeamshwa," akasema.

Boila akavuta kiti cha dirishani. Ndiyo sheria: aliyeamshwa anapewa foronya, anakaa, haulizwi. Akaweka na bunda la foronya juu ya meza. Wifi akakitazama kiti. Kisha akakisukuma kwa mguu, taratibu, mpaka mbele ya Chiriku.

"Kaa wewe," akasema. "Nina deni."

Akachukua vile vitambaa vya kukinga mikono, akavivaa, akaenda upande wa kulisha wa Tanuri. Akawasha. Magogo yakaanza kuzunguka, joto likatujia mpaka tulipokuwa. Shuka la kwanza likaingia.

Chiriku akakaa, foronya mapajani, hazihesabu. "Dada Mkubwa, lilishalala zaidi ya wiki hilo."

"Najua limelala. Ndiyo maana nalipa na riba. Nasimama mpaka mchana."

"Sikulidai."

"Ndiyo ubaya wako huo, hudai. Mtu akidai unajua pa kumchukia." Akalisha shuka la pili. Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka chini ya kilemba. "Na usidhani nimekupenda."

"Nani kaomba kupendwa? Mimi nilikuwa nadai zamu."

"Si umesema hukudai?"

"Nilikuwa nadai kimoyomoyo. Midomo ilikuwa imefungwa."

Boila akajificha nyuma ya mashine. Bibi Vifungo akainamia kitambaa, mabega yakaanza kutikisika, na wifi akayaona. Nilimtazama anavyoyaona. Shavu likamcheza upande mmoja, akaling'ata kwa ndani. Akatazama mbele, kwenye chuma.

"Usinichekeshe," akamwambia Chiriku, "nitaungua."

Alisimama pale mpaka mchana kama alivyosema. Nilimpelekea maji, akayanywa bila kuniita mke wa kaka yangu. Shuka la mwisho lilipotokea upande wa pili limenyooka, alizima Tanuri, akavua vitambaa, akaenda akashika pembe mbili za shuka lile akasubiri. Chiriku akaziacha foronya, akashika pembe nyingine. Wakalivuta. Wakaendeana, mikono ikakutana, na wifi akampokelea pembe zake, hakuangusha hata moja.

"Tumemalizana," akasema.